Nukta Tatu Chini ya Usukani

Bado yumo mle mle tulimomwacha katika gazeti la Ijumaa iliyopita. Fundi Hyacinthe amelala chali kwenye sakafu ya gari, miguu nje, kichwa chini ya usukani, tochi mdomoni. Mbele ya macho yake pana fimbo ya chuma yenye urefu wa mkono wa mtu mzima, na mwisho wa fimbo hiyo, palipochomelewa, pana nukta tatu zilizopangwa kama mbegu.

Nukta hizo ni zake. Hakuna fundi mwingine katika mji wote wa Uvira anayezitia.

Aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita na aelezwe upesi. Magari ya Japani hutufikia yakiwa na usukani upande wa kulia, nasi huku barabara zetu zinamtaka dereva aketi kushoto. Kwa hiyo mwenye gari anayetaka kulitumia kila siku, bila kujitosa mbele ya malori akiwa haoni, hulipeleka mtaa wa Kimanga kwa Hyacinthe. Usukani huhamishwa. Pedali huhamishwa. Pampu ya breki ndiyo isiyohama. Hubaki kulekule kulia, na fundi hulaza fimbo ya chuma katikati ili nguvu ya mguu wa dereva ivuke kutoka kushoto hadi kwenye pampu.

Uhai wote wa gari umo katika fimbo hiyo. Na hii ilikuwa imekatika vipande viwili, kisha mtu asiye fundi akaviunganisha kwa waya.

Gari lenyewe, Carina iliyokuwa nyeupe zamani, lilikuwa limeletwa majuma mawili kabla, likivutwa kwa kamba nyuma ya lori la muhogo. Aliyelileta ni Belyse, muuguzi wa kituo cha afya cha Mutarule, kule bondeni, mjane. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma. Kutu ilikuwa imeila sakafu hata ukaiona ardhi.

"Volan ilihamishwa Bujumbura," Belyse alisema siku ile, akiugusa usukani. "Wewe nifufulie tu. Nitakuwa nashuka na kupanda kila siku na wagonjwa."

Hyacinthe alimwamini. Alikata sakafu iliyooza, akachomelea bati jipya. Aliinua springi vidole viwili kwa ajili ya mashimo ya bondeni. Bomba la hewa la injini akalipandisha juu, kwa kuwa mito ya Uvira ikifurika haimngoji mtu atafute njia nyingine. Kazi pekee iliyobaki ilikuwa breki, ambazo pedali yake ilizama kama mguu katika matope. Ndipo alipofungua chini ya dashibodi.

"Mukubwa," ikasikika sauti ya Emery kutoka nje, "weye umelala ao umekufa? Nijue kama nipike chai ao nitafute sanduku."

Hyacinthe aliisogeza tochi karibu zaidi na zile nukta.

Emery, mshirika wake wa miaka kumi na mitano, mtu wa mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, alipiga magoti na kuingiza kichwa. Alifuata mwanga wa tochi. Mzaha wote ukamtoka usoni.

"Hii ni kazi yetu," alisema.

"Ni kazi yangu."

"Kumbe ni ile gari ya Ndihokubwayo? Muchuuzi wa muchele?"

"Ndiyo."

Emery alihesabu kwa vidole, taratibu, kama mtu asiyetaka kufika mwisho wa hesabu. "Miaka sita. Mukubwa, mwalimu Jean-Berchmans aligongwa mwezi ule ule. Bakasema ni gari nyeupe, bila breki, dereva akakimbia nayo. Hawakumupata hata leo. Na huyu mama Belyse ni…"

"Ni mjane wa mwalimu. Nyamaza."

Hyacinthe alifungua waya, akavitoa vile vipande viwili, akajiburuta nje hadi mwangani. Alitazama mahali palipokatika. Kutu ilikuwa imezila kingo, lakini katikati bado palimeta chembechembe za kijivu, mfano wa sukari iliyoganda.

Chuma kilichopoa chenyewe hupinda kabla ya kukatika. Chuma chenye chembe kama hizo kilizimwa kwa maji.

Na Hyacinthe alimjua aliyekizima. Siku ile Ndihokubwayo alisimama mlangoni akitazama saa yake kila dakika; alitaka kuwahi bondeni kabla ya mvua. Chuma kilikuwa bado chekundu. Hyacinthe alichukua kikombe cha plastiki, akachota maji, akamwaga. Kikachemka, kikanyamaza. Gari likaondoka.

"Ziwa iko pale," alisema Emery kwa sauti ya chini. "Hatua mia mbili. Tupa. Minye sikuona kitu, weye hukuona kitu, na ziwa haisemaki."

"Na mama mwenyewe?"

"Mama alitaka gari. Tumupe gari. Alisema volan ilihamishwa Bujumbura. Basi na aliyeharibu akae Bujumbura."

Hyacinthe aliviingiza vipande vile viwili ndani ya mkono wa koti lake la kazi. Hakusema kwamba atavitupa. Hakusema kwamba hatavitupa.

"Tengeneza fimbo mpya," aliagiza. "Si ya nondo ya kujengea. Chukua lile bomba nene la lori. Ukimaliza kuchomelea, izike katika majivu."

"Majivu nayajua, Mukubwa."

"Saa nzima, Emery."

Kila fundi wa Kimanga alikuwa amekwisha kuicheka ndoo ile ya majivu, iliyosimama kando ya meza ya kazi kwa miaka sita. Hyacinthe huzika humo kila chuma alichokichomelea, kipoe polepole kama uji wa mgonjwa. Walimwita mpishi. Hakuwahi kumweleza mtu yeyote sababu yake.

Emery alikuwa hajaiwasha mashine ya kuchomelea, mara pikipiki ikasimama mlangoni. Abiria wake akashuka upesi, sare nyeupe imejaa vumbi la bondeni hadi magotini.

Alikuwa Belyse. Gari lake aliahidiwa Jumamosi, na hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Fundi, ninalihitaji leo."

"Mama, tulisema Jumamosi."

"Watoto walio tumboni mwa Iradukunda hawakusikia habari za Jumamosi. Ana mapacha, na mmoja amelala kimshazari. Ameanza kutoka damu. Nikimpakia kwenye pikipiki, nitafika hospitali na maiti watatu." Aliketi kwenye benchi bila kukaribishwa. "Lori la asubuhi limekataa kumbeba. Nimeacha mtu wa kumshika mkono. Niambie ni muda gani."

"Saa moja na nusu," Hyacinthe alisema. "Breki hazijakwisha."

Macho ya Belyse yakaenda kwenye dashibodi iliyofunguliwa, yakarudi kwa fundi. "Mlikuta nini mule ndani?"

"Kutu."

"Kutu tu?"

"Gari lilikaa sana, mama."

"Lilikaa," Belyse alikubali. Hakuondoa macho yake kwake. Ndani ya mkono wa koti, vipande vya chuma viligonga mfupa wa kiwiko cha Hyacinthe, naye akaubana mkono ule mwilini kana kwamba umevunjika.

Wakati huo aliingia Noella, binti wa pekee wa fundi, mshonaji wa duka la jirani, amebeba sahani ya ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani. Alimwona mgeni, akainama kidogo kwa heshima.

"Karibu, mama muganga. Gari limeisha? Leo ndiyo ninakaa mbele?"

Hapa pana desturi ya kuelezwa. Anayehamisha usukani Kimanga haaminiwi kwa maneno. Gari likikamilika, mwenyewe huendesha, na mtu wa nyumbani kwa fundi, mke au mtoto, huketi kando yake; hushuka mteremko hadi soko la Mulongwe, hugeuza, hurudi. Asiyethubutu kumpandisha wa kwake hapati kazi ya pili. Tangu mke wa Hyacinthe afariki, mtu huyo amekuwa Noella.

"Umekaa katika magari mangapi?" Belyse alimwuliza.

"Kumi na saba. Na hakuna hata moja lililonifikisha mbali kuliko wauza nyanya." Noella alicheka. "Nikipata mchumba mwenye gari, nitamwambia apite sokoni bila kugeuza."

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Mume wangu alikuwa na thelathini na minne."

Kicheko cha Noella kikaisha. Aliweka sahani mezani kwa uangalifu, kama mtu anayeweka kitu karibu na aliyelala. Emery alijifunika uso kwa kinyago cha kuchomelea ijapokuwa hakuwa ameanza kazi.

Hyacinthe alimtazama binti yake. Alimtazama mjane. Alihisi kile chuma kikiteleza taratibu kuelekea kwenye kiganja chake.

"Mama Belyse," alisema, "tuzungumze pembeni."

Msomaji huenda alidhani atakimbia. Emery naye alitaka hivyo, maana nyuma ya kinyago alitikisa kichwa kwa nguvu kumkataza asiseme. Lakini fundi alitangulia hadi nyuma ya kontena la vyuma chakavu, mahali ambapo ziwa huonekana kati ya paa mbili za mabati, na Belyse akamfuata.

Nyuma yao mashine ilianza kunguruma. Emery alikuwa ameanza kuchomelea.

Hyacinthe aliinua mkono. Vipande viwili vikamwangukia kiganjani.

"Hiki ndicho nilichokikuta."

Belyse hakuvigusa. "Endelea."

"Gari hili halikuhamishwa usukani Bujumbura. Nililihamisha mimi, hapa, miaka sita iliyopita. Lilikuwa la Ndihokubwayo. Fimbo hii niliichomelea mimi."

"Endelea, fundi."

"Alikuwa na haraka. Nilikizima chuma kwa maji. Kinakuwa kigumu, mama, ukikigusa unakisifu, lakini ndani kimekufa." Alivigeuza vipande mwangani. "Siku tatu baadaye nilichukua kipande kilichobaki cha nondo ile ile, nikakifanya vilevile, nikakipiga nyundo. Kilivunjika kama biskuti."

"Siku tatu baadaye."

"Ndiyo."

"Jean-Berchmans alikufa siku ya kumi na moja," alisema Belyse. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Ulikuwa na siku nane. Pikipiki kutoka hapa hadi bondeni na kurudi ni nusu siku."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukutuma hata neno?"

Hyacinthe alitafuta jibu lililo bora kuliko ukweli, asilipate. "Niliogopa kwa ajili ya jina langu. Nilijiambia huenda ikashika. Kisha nikasikia habari za mwalimu, nikajiambia magari meupe ni mengi."

Upande wa pili wa kontena mngurumo wa mashine ulikatika. Palikuwa na ukimya, kisha mlio mfupi wa kuchemka, shhh, uliomezwa na honi ya lori barabarani. Hyacinthe hakuusikia. Alikuwa akingoja hukumu.

"Nilijua," Belyse alisema.

"Ulijua nini?"

"Yote, isipokuwa hizo siku nane. Ndihokubwayo alilazwa kwangu mwezi wa tatu, ini limekwisha. Usiku wa kuamkia kifo chake alinishika gauni, akaniambia kwamba ni yeye. Aliniambia pedali ilianguka chini kama kikombe. Alilificha gari kwenye banda la mpunga miaka yote hiyo. Akasema, lichukue, mama, sina kingine cha kukupa." Alilitazama ziwa. "Sikulitaka. Kisha nikawahesabu wanawake waliofia njiani mwaka huo. Nikalitaka."

"Alikutajia jina langu?"

"Hapana. Alikuwa hana nguvu ya majina. Niliinama mwenyewe na tochi ya simu, nikaona nukta tatu."

"Lakini nukta zile huwezi kuzijua, mama. Wanaoijua alama hiyo ni mafundi tu."

Hapo ndipo Belyse alipomtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayemwonea huruma.

"Fundi, umesahau ulichonitengenezea?"

Hyacinthe alizitazama nukta kiganjani. Kisha akakumbuka.

Msalaba.

Mafundi wa Kimanga walichanga chuma kwa ajili ya kaburi la mwalimu, na yeye ndiye aliyeukata, akauchomelea, akaupaka rangi nyeusi, akaandika jina juu yake. Na chini kabisa, kwa mazoea ya mkono usiofikiri, akatia nukta tatu.

"Kila Jumapili nang'oa majani pale," Belyse alisema. "Kila Jumapili vidole vyangu vinapita juu yake. Nilipoziona chini ya usukani, nilidhani nimerudi makaburini."

"Kwa nini basi umelileta kwangu?"

"Nilitaka kuona kama utasema. Nilikuwa nimekupa mpaka Jumamosi. Ungenikabidhi ufunguo na kunyamaza, Jumatatu ningekuwa mahakamani na chuma hicho."

"Na sasa?"

"Sasa umesema. Hilo halimrudishi mtu. Siku zile nane tutazizungumza, wewe na mimi na wazee wa pande zote mbili, na sijui nitataka nini." Alikunjua mikono ya sare yake. "Lakini Iradukunda anavuja damu, na Uvira yote haina fundi mwingine ambaye nayajua makosa yake yote. Nitalipanda. Nitashuka sokoni na kurudi, nikiridhika naenda bondeni. Siku ya Ndihokubwayo ulimpandisha nani?"

"Hakuna. Alikuwa na haraka."

"Leo nani anakaa kando yangu?"

Hyacinthe alilazimika kulisema kwa sauti. "Noella."

Belyse alitikisa kichwa kukubali, akaondoka.

Fundi alibaki nyuma ya kontena. Alikaa juu ya gurudumu bovu, vipande vya fimbo mapajani. Kwa miaka sita alikuwa amelibeba jambo lile peke yake; sasa lilibebwa na wawili, na ajabu ni kwamba halikupungua uzito. Alijifuta uso kwa kitambaa cha grisi. Alijipangia: chuma kipoe saa nzima, halafu aingie mwenyewe, aifunge fimbo kwa mkono wake mwenyewe, aikanyage pedali mara hamsini.

Ndipo aliposikia sauti ya mwanamke ikizungumza Kijapani.

Ilikuwa sauti ya gari. Kila linapowashwa, kisanduku kidogo chini ya redio husema maneno yale yale ya adabu ambayo hakuna mtu Uvira anayeyaelewa. Emery hudai kuwa anasali.

Kisha injini ikanguruma.

Hyacinthe aliinuka. Saa nzima haikuwa imepita. Haikuwa imepita hata robo yake. Alizunguka kontena mbio, akafika uwanjani na kukuta alama za magurudumu na moshi uliobaki chini.

Emery alikuwa akifuta mikono, uso unang'aa kwa jasho na kuridhika.

"Imetoka," alisema. "Nimemukanyagisha pedali mara tatu mbele yangu. Ngumu kama jiwe, Mukubwa. Noella alikuwa amekwisha kupanda."

Hyacinthe hakumsikiliza. Alikuwa akitazama ndoo.

Majivu yalikuwa laini, yametandazika vilevile kama yalivyoachwa asubuhi. Juu yake zilipita nyayo za kuku mmoja, hazikuvurugwa.

Chini ya meza ya kazi, udongo ulikuwa mweusi na umelowa. Kando ya unyevu ule kikombe cha plastiki kililala kwa ubavu, tone la mwisho bado likining'inia ukingoni.

"Emery. Umeizika?"

"Mama iko na haraka. Yule mwenye mimba…"

"Umeizika kwenye majivu?"

Emery alitazama ndoo, akatazama kikombe, na rangi ikamtoka midomoni. "Ni kidogo tu, Mukubwa. Kikombe moya."

Fundi alikuwa amekwisha kufika barabarani. Alipita wanunuzi, akamsukuma mtu mwenye baiskeli, koti likipepea, vipande vya fimbo ya zamani vikigongana mkononi mwake. Aliita jina la binti yake, lakini vinu vya muhogo vya pande zote mbili vilikuwa vikisaga.

Mbele yake barabara inainama kuelekea Mulongwe. Ilikuwa siku ya soko. Kutoka ukingo wa juu aliona miavuli ya wauza nyanya, wanawake wenye mabeseni vichwani, watoto wa shule wakivuka wameshikana mikono.

Na aliona gari. Lilikuwa limekwisha kupita nusu ya mteremko. Mkono wa Noella ulikuwa nje ya dirisha, ukiwapungia wenzake wa cherehani.

Taa nyekundu za breki ziliwaka. Zikabaki zimewaka.

Gari halikupunguza mwendo.